Bi Kesho na Mjafari Uliouzwa kwa Jina la Mndimu

Tarehe 30 Septemba, saa tisa na nusu alasiri, msimamizi wa kitalu chetu atakabidhi funguo tatu, mikasi miwili ya kupogolea na kofia moja ya ukili ambayo hakuna anayeidai. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Faili lake lina jina kamili na namba ya utumishi, lakini sijui mfanyakazi anayevikumbuka vyote viwili. Sote tunamwita Bi Kesho, naye huitika.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa ajili ya jarida letu, na kuusoma siku ya kumuaga, kwa sababu mimi ndiye mtunza stoo, na uongozi unaamini kwamba mtu wa stoo hujua kila kitu kilipo. Niseme mapema kwamba uongozi umekosea kidogo. Kuna kitu kimoja ambacho sikujua kilipo kwa miaka kumi na moja, na aliyekipoteza ni mimi mwenyewe. Nitafika huko, ingawa ningependa kuchelewa.

Bi Kesho alianza kazi akiwa mmwagiliaji. Hapakuwa na mabomba wakati huo. Kulikuwa na kisima, ndoo mbili za kumwagilia na vitanda arobaini vya miche. Waliokuwepo wanasema alibeba ndoo mkono wa kushoto na wa kulia kwa zamu ili asije akapinda upande mmoja. Mwaka wa pili alihamishiwa kwenye kibanda cha mbegu, mwaka wa sita akapewa kibanda chenyewe, na mwaka wa kumi na nne akawa msimamizi wa kitalu kizima. Katika kupanda ngazi huko kote hakubadilisha kiti. Ni stuli ileile ya miguu mitatu, mguu mmoja umefungwa mpira wa baiskeli. Wakaguzi waliokuja kutoka makao makuu walipewa viti vya ofisini vyenye mito, yeye akabaki kwenye stuli yake, na aghalabu wao ndio waliotoka jasho.

Mume wake ni fundi cherehani, na kibanda chake kinatazamana na lango letu. Habari za uchumba wao tunazijua wote, kwa sababu fundi huzisimulia akiwa anapima suruali na mteja hana pa kukimbilia. Alimwona dada mmoja akipita kila jioni na mikono iliyochanika, akadhani anafuga paka wakali. Alipoambiwa ni miiba ya mjafari, alishona glavu za turubai zenye kitambaa laini ndani, akamvizia langoni. Wengine huletewa maua. Bi Kesho aliletewa glavu, na anasema hakuona sababu ya kumsubiri mwingine. Hadi leo glavu zetu zote hushonwa pale, na jozi ile ya kwanza imo kwenye droo ya kibanda cha mbegu, kidole gumba kimetoboka.

Kwa wasomaji wa idara nyingine, ambao mjafari kwao ni jina tu katika orodha ya miche, niueleze. Ni mti mdogo wa nchi za joto, usiozidi sana paa la nyumba ya kawaida. Shina lake lina vinundu vigumu, na juu ya kila kinundu umekaa mwiba. Majani ni madogo, yamepangwa pande mbili za kikonyo, na ukiyasugua mkononi yanatoa harufu ya ndimu. Naomba harufu hiyo ikumbukwe. Matunda ni vijipira vidogo ambavyo vikikomaa hupasuka na kuonyesha mbegu moja nyeusi, inayong'aa kama kiatu cha mkaguzi. Unapenda jua, hautaki maji yatuame miguuni pake, na hauna haraka na mtu.

Kutokuwa na haraka huko ndiko kulikompa Bi Kesho jina. Alipoingia kibanda cha mbegu, msimamizi wa zamani alimwambia asijisumbue na mjafari, kwamba mbegu zake huota zinapotaka zenyewe na si vinginevyo. Kumwambia Bi Kesho asijisumbue ni sawa na kumpa barua ya kazi. Alizipanda mbegu baada ya kuziloweka maji ya moto, akazipanda baada ya kuzikwaruza kwa msasa, akazipanda bila kuzifanya chochote. Kila asubuhi aliinama juu ya kitanda cha mchanga akiwa na kioo chake cha kukuzia, kilichofungwa kamba shingoni. Kila aliyepita alimuuliza kama zimeota, na yeye bila kuinua kichwa alijibu neno moja: kesho. Miaka minne ilikwenda hivyo. Ilipofika mwaka wa tatu hata mpeleka barua alikuwa anamsalimia kwa jina hilo.

Jibu alilipata nyumbani, akisugua sufuria lililoganda mafuta. Maji yaliteleza juu ya mafuta na kuanguka. Alipotia majivu, mafuta yakaachia. Akajiuliza kama ule weusi unaong'aa wa mbegu ya mjafari nao si mafuta matupu yanayozuia maji kuingia. Kesho yake alizisugua mbegu kwa mchanga na maji ya majivu hadi zikafifia kabisa, akaziosha, akazitia kwenye mchanga mzito chini ya kivuli, akanyunyiza maji kidogo kidogo. Siku ya arobaini na moja miche mitatu ikatokeza. Mfanyakazi mwenzake wa wakati huo anasema Bi Kesho hakupiga kelele. Alikwenda kumwita msimamizi wa zamani, akamwonyesha kwa kidole, akarudi kumwagilia mikaratusi.

Maelekezo yake yamebandikwa ukutani kwa mwandiko wake, na hayajabadilika tangu siku hiyo. Chuma matunda yanapoanza kupasuka, usisubiri ndege wakutangulie. Yaanike kivulini. Sugua mbegu mpaka zipoteze mng'ao, kisha zipande zikiwa mbichi, maana zikikaa hulala. Mche ukiwa na majani manne halisi uhamishie kwenye kiriba, ule mfuko mrefu wa plastiki, na uushike kwa jani, usiushike kwa shina. Mzizi wa kati usikunjike. Uzoeshe jua polepole, upande mahali pasipotuama maji mvua zikianza, halafu uuache. Mstari huo wa mwisho ameupigia mstari chini mara mbili, kwa sababu anatujua.

Kuhusu viwavi, maelekezo yanasema waachwe. Yupo kipepeo mkubwa anayetaga mayai kwenye mindimu na kwenye mijafari bila kubagua, na viwavi wake wachanga wanafanana na kinyesi cha ndege. Bi Kesho huwatengea mti mmoja, na anapowakuta kwenye mingine huwahamisha kwa mkono huku akiwagombeza. Nimewahi kujitetea moyoni kwamba ikiwa hata kipepeo hawezi kutofautisha mjafari na mndimu, mtunza stoo afanye nini. Utetezi huo haukunisaidia, kama mtakavyoona.

Mwaka wake wa tisa kazini, chuo kimoja jirani kiliagiza mijafari mia nne ya kuzungushia uzio. Walitaka miiba, na walitaka upesi. Mbegu za mjafari, hata zikioshwa kwa majivu, huota chache, tano katika mia ukibahatika. Bi Kesho akachukua njia ya mkato ambayo kila mwenye kitalu anaijua. Alifukua mizizi ya mjafari mmoja mnene uliokuwa karibu na lango letu, akaikata vipande vya urefu wa kidole, akavilaza kwenye mchanga. Vilichipua karibu vyote. Chuo kilipata uzio wake kwa wakati, barua ya pongezi ikaja, na ikatundikwa kwenye fremu.

Miaka ilipita. Uzio ulichanua kila msimu, lakini haukuzaa hata tunda moja. Mwaka wa kumi na tisa Bi Kesho alikwenda chuoni na kioo chake, akapita ua kwa ua upande mzima wa kaskazini, akarudi na jibu. Mijafari ina dume na jike, kila mmoja mti wake, na mbegu haipatikani bila wote wawili. Mti wa langoni ulikuwa dume. Kila kipande cha mzizi wake kilikuwa dume vilevile. Alikuwa amepanda madume mia nne.

Katika mkutano wa wafanyakazi uliofuata, kati ya ajenda ya likizo na ajenda ya choo, alisimama bila kuitwa. Kumbukumbu za mkutano ninazo stoo, nimezisoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Zinasema hivi: "Msimamizi wa kitalu ameeleza kuwa alichukua mizizi yote kwa mti mmoja, na hakuangalia maua. Amesema kosa ni lake na ameomba liandikwe." Likaandikwa. Barua ya pongezi aliitoa kwenye fremu kwa mkono wake mwenyewe, na fremu akaitumia kwa picha ya binti yake, ambaye sasa ni mkunga.

Lililomuumiza zaidi ni kwamba mjafari jike uliokuwa ukitupatia mbegu ulikuwa unakufa. Ulikuwa nyuma ya kiwanda cha zamani cha uchapaji, na ndio jike pekee tulilolijua kwa mwendo wa siku nzima. Kila mwenye jino bovu mjini alikuwa amepita pale na kisu kuchukua kipande cha gamba cha kutuliza maumivu, mpaka shina likabaki uchi mzunguko mzima. Mwaka wa ishirini na mbili ulizaa kwa mara ya mwisho. Bi Kesho alikusanya mbegu zote, hata zile zilizokuwa zimebebwa na sisimizi. Zikaota saba. Toka siku hiyo alikuwa na jambo moja tu alilolitaka kabla ya kustaafu, na alilisema wazi kwa kila aliyeuliza: aache ndani ya uzio wetu mjafari jike mmoja unaozaa. Bila huo, alisema, yaliyoandikwa ukutani ni maelekezo ya kupika bila unga.

Hapo ndipo nilipoajiriwa mimi.

Nilikuwa mgeni wa wiki tatu. Nilijua hesabu za stoo, nilijua kufunga lori turubai, lakini majani yote kwangu yalikuwa majani. Bi Kesho alikuwa mafunzoni kwa siku mbili. Akaja mama mmoja akitaka mche wa mndimu, ana haraka, mtu anamsubiri nje na mkokoteni. Niliingia kivulini, nikaona kiriba chenye mche mdogo wa miiba. Nikafikicha jani, nikanusa. Ndimu kabisa. Nikampa, tena nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba asiumwagilie sana.

Bi Kesho aliporudi, alihesabu miche yake kabla ya kuvua kofia. Ilikuwa sita. Aliniuliza kwa upole, na upole ndio ulionimaliza. Laiti angenifokea ningesema ukweli palepale. Nilikuwa kwenye muda wa majaribio, nina mtoto mchanga nyumbani, nikasema niliukuta umenyauka nikautupa. Kwenye daftari la miche, mbele ya namba saba, nikaandika: umekufa. Akasema, "Haya mwanangu, huwa inakufa." Akaenda zake. Niliona aibu siku ile, na sitasema kwamba ilipungua kwa kukaa.

Miche sita iliyobaki ilipandwa nyuma ya ofisi. Mmoja uliliwa na mbuzi wa mlinzi, na mlinzi amekuwa akilipa kosa hilo kwa kubeba mbolea hadi leo. Mitano ilikua. Mjafari wa mbegu hauonyeshi kama ni dume au jike mpaka uchanue, na unaweza kukuweka miaka sita hadi kumi ukisubiri. Wa kwanza ulichanua miaka mitano iliyopita. Bi Kesho aliuinamia na kioo akakaa muda mrefu. Ua la jike lina kinundu kidogo cha kijani katikati, la dume lina vumbi la manjano. Lilikuwa vumbi. Mwaka uliofuata ukachanua wa pili, vumbi. Wa tatu na wa nne ilichanua pamoja, na wafanyakazi wote walikusanyika na vikombe vya chai mkononi. Vumbi. Wa tano ulichanua mwaka jana. Alipoinua kichwa, hakuna aliyeuliza kitu. Akasema mwenyewe, "Kesho," akajaribu kucheka, na mara hiyo haikuwa rahisi kumtazama. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja, na kesho nyingine hazikuwepo.

Ninayasimulia haya kwa utulivu kwa sababu mhariri ameomba wasifu usiwe na machozi. Lakini nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake, na mimi peke yangu nilijua kuwa palikuwa na wa saba.

Katikati ya Juni mwaka huu, saa nne asubuhi, mama mmoja aliingia stoo na tawi lililofungwa kwenye gazeti. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Ana mgahawa mdogo upande wa pili wa ukuta wa chuo, wanafunzi wanakula kwake. Aliliweka tawi juu ya kaunta, akafungua gazeti taratibu, kwa hasira ya mtu aliyejipanga njia nzima.

"Kaka," aliniambia, "nilinunua mndimu hapa. Miaka kumi na moja nasubiri ndimu. Mwaka huu mti umezaa, nashukuru Mungu, umezaa hizi. Sasa nifundishe. Hizi zinakamuliwaje?"

Juu ya gazeti palikuwa na vishada vya vijipira vilivyopasuka, na ndani ya kila kimoja mbegu nyeusi inayong'aa. Mama aliendelea kusema, kwamba shemeji yake anakuja Jumamosi na shoka, jiko linapanuliwa, na ule mti wa miiba unaondoka. Mimi nilikuwa nasikia kwa mbali. Ilikuwa Alhamisi.

Nilikuwa na njia mbili, na sitajifanya kwamba sikuiona ya pili. Ningeweza kwenda kwa Bi Kesho na kumwambia kwamba mteja ameleta tawi kutoka mahali fulani, bahati iliyoje, na ningepewa sifa za aliyeuvumbua. Nilipanga hata maneno. Halafu nikakumbuka ile kumbukumbu ya mkutano, na mwanamke aliyesimama kati ya likizo na choo akaomba kosa lake liandikwe. Nikachukua daftari la miche la mwaka ule, nikalifungua pale pale, nikaweka tawi juu yake, nikavuka uwanja hadi kibanda cha mbegu. Mama wa mgahawa alinifuata nyuma akidhani napeleka malalamiko yake kwa mkubwa, na kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa.

Nilisema, "Mama, ule mche wa saba haukufa. Niliuuza."

Hakuniangalia kwanza. Alishika kioo akaangalia tunda, akageuza tawi, akaangalia jingine. Kisha akasoma mstari niliouandika miaka kumi na moja iliyopita. Bi Kesho akiwa na furaha huniita mwanangu. Siku hiyo aliniita Bwana Stoo.

"Bwana Stoo, kalamu unayo?"

Nilikuwa nayo. Alinisubiri nilifute kwa mstari neno "umekufa" na kuandika juu yake: uko hai, ni jike. Akataka na sahihi. Kisha akavaa kofia, akafungua droo, akachukua ile jozi ya kwanza ya glavu ambayo hatujawahi kuona ikitumika, akamwambia mama wa mgahawa, "Twende dada, tuonyeshe njia."

Mti uko kwenye uwanja wa nyuma wa mgahawa, karibu na karo la kuoshea vyombo. Una shina nene la vinundu, na kwenye miiba yake walikuwa wametundika vikombe, miiko, chujio la chai na kitambaa cha kufutia meza. Bi Kesho aliuzunguka mara mbili. Alipofika upande wa ukuta alisimama, akatazama juu. Nyuma ya ukuta, mita chache tu, ulikuwa umejipanga ule uzio wa chuo, madume mia nne, na nyuki wanapita juu ya ukuta kama watu wanaokwenda sokoni. Nilimwona anaelewa. Alianza kucheka polepole, akacheka mpaka akatafutiwa kreti la soda akakaa.

"Kosa langu lile kule," alisema akifuta macho kwa glavu, "na la Bwana Stoo hili hapa. Yangetengana hata kwa mtaa mmoja tusingepata mbegu."

Mama wa mgahawa hakuona cha kuchekesha, na haki ilikuwa yake. Jioni ile nilirudi kwake na mindimu miwili mikubwa, yenye matunda tayari, nikiwa nimeibeba mwenyewe begani mmoja baada ya mwingine. Alichuma ndimu moja, akaikata, akaikamua, akaonja, ndipo akaniruhusu kuiweka chini. Kuhusu shoka, alisema atazungumza na shemeji. Jiko limepanuliwa upande wa pili. Alieleza kwamba isitoshe, vikombe vyake havikuwa na mahali pengine pa kuning'inia.

Kwa siku tatu Bi Kesho hakunisalimu. Siku ya nne aliniambia kwamba mkutano wa wafanyakazi ni Jumatano. Nilisimama kabla ya ajenda ya likizo, nikasema nilichofanya, nikaomba kiandikwe. Mlinzi mwenye mbuzi ndiye aliyepiga makofi peke yake, nadhani kwa kufurahi kupata mwenzake. Tulipotoka, Bi Kesho alipita karibu yangu akasema, "Mwanangu, mbegu hazijioshi." Nikajua yameisha.

Tuliziosha pamoja, mbegu mia mbili na kumi na nne, kwa majivu kutoka jiko la mama wa mgahawa. Tarehe 20 Juni tulizitia kwenye kitanda namba kumi na nne. Kila asubuhi Bi Kesho alipitia pale kwanza, kabla hata ya kufungua kibanda. Likizo yake ya mwisho ilikuwa ianze mwezi wa nane, hivyo 31 Julai ilikuwa siku yake ya mwisho kushika kazi. Ilikuwa pia siku ya arobaini na moja. Aliinama kwa muda mrefu. Mchanga ulikuwa mchanga.

Akavua kamba shingoni, akanikabidhi kioo. Alisema kitanda kumi na nne ni changu tangu dakika ile. Alikataza mtu yeyote kumpigia simu, maana akiambiwa kila siku kwamba hakuna kitu ataugua bure. Atakuja mwenyewe siku ya kuagwa, aone kwa macho yake kilichopo au kisichopo. Nilimsindikiza hadi langoni. Fundi alikuwa amefunga cherehani mapema, anamngoja.

Yapo mengine ambayo wasifu wa heshima hauwezi kuyaacha. Bi Kesho amefundisha watunza bustani ishirini na sita, na watano kati yao sasa ni wakuu wa vitalu vyao. Amechelewa kazini mara moja tu, asubuhi aliyojifungua, na bado alituma ujumbe kwamba vitanda vya kivulini visimwagiliwe mchana. Ndiye aliyetuondoa kwenye desturi ya kupanda miche kwa ajili ya picha na kuisahau. Alikataa kupandishwa cheo kwenda makao makuu mara mbili, kwa barua fupi ambazo zote zinaanza na neno "Asante" na kuishia na hali ya mvua. Hajawahi kusifia mche wa mtu yeyote mbele ya mwenyewe. Akikuta umefanya vizuri, husimama kidogo, halafu huondoka. Tulijifunza kuhesabu sekunde.

Bi Kesho, kwa niaba ya kitalu, ofisi, walinzi, madereva na yule mbuzi, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu ya kuinama. Tunakutakia maisha mema pamoja na fundi, afya ya magoti, chai inayonyweka ikiwa bado moto, na asubuhi usizolazimika kumjibu mtu. Mama wa mgahawa anakusalimu. Amesema tawi lolote la mti wake litakalokatwa, litakatwa mbele yako.

Najua umekaa mstari wa mbele na umevaa ile kofia. Najua pia hujaniuliza ulipoingia, kwa sababu unadhani unalijua jibu. Kwa miezi miwili kila aliyepita kitanda namba kumi na nne ameniuliza, nami nimejibu neno lako bila kuinua kichwa, hadi wameanza kuniita Bwana Kesho, jina ambalo sijalitia sahihi.

Asubuhi ya siku ya themanini na nane nililiinamia lile eneo la kona, karibu na jiwe. Mmoja. Majani mawili, na ganda la mbegu bado liko kichwani. Nimeuangalia kwa kioo chako mara tatu, halafu nimemwita mlinzi naye akaangalia, ili isiwe neno langu peke yangu. Kama ni dume au jike tutaambiwa baada ya miaka minane. Kwenye daftari sijaandika kitu. Ukurasa uko wazi juu ya stuli yako, na kalamu iko hapo.

Hotuba ni ndefu na keki haitakimbia. Toka kwa mlango wa nyuma, mama, pinda kushoto. Si kesho. Ni leo.